Tunamjua Dikteta, Hatuijui Ajenda: Vitabu vya Biashara na Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imekaririwa katika insha nyingi mno, hata tumesahau kuliuliza swali lililofichika ndani yake: mwenyeji huponaje iwapo anamfungia mgeni mlango, au iwapo anamwachia nyumba nzima na yeye mwenyewe akahamia uani? Mgeni ninayemkusudia katika makala haya ni kitabu cha biashara, kile kitabu chenye jalada la kung'aa kinachoahidi kumfunza msomaji uongozi, nidhamu ya kazi na siri ya kufanikiwa. Mgeni huyu amekwisha kuingia. Yumo katika mabweni yetu, yumo katika mikoba ya wanafunzi wa Kiswahili ubavuni mwa diwani na tamthilia teule, na yumo kando ya barabara za katikati ya jiji la Nairobi, ambako nakala zake hutandazwa chini jioni watu wanaporejea makwao.

Wapenzi wa Kiswahili wamegawanyika makundi mawili kumhusu mgeni huyu. Kundi la kwanza linambeza. Kwao, kitabu cha biashara ni mawaidha ya kutafutia pesa, na mwanafunzi wa fasihi anayekisoma amejishusha hadhi. Kundi la pili linamwabudu. Kwao, kila sentensi ya kitabu hicho ni wahyi, na anayeuliza swali ni mtu mwenye fikra za kimaskini. Kwa mtazamo wangu, makundi yote mawili yamepotoka. Msimamo ninaoutetea ni huu: fasihi yetu inayajua madaraka lakini haitufunzi kazi, ilhali vitabu vya biashara vinaijua kazi lakini haviyajui madaraka. Mwanafunzi atakayesoma upande mmoja tu atahitimu akiwa nusu.

Hebu kwanza tumtambue mgeni mwenyewe na ukoo wake. Mwaka 1859 Mskoti Samuel Smiles alichapisha kitabu alichokiita Self-Help, ambacho chimbuko lake lilikuwa mihadhara aliyowapa vijana wafanyakazi katika mji wa Leeds, Uingereza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwa tarehe ambayo hutajwa na wengi wa wataalamu wetu, yaani 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa amemtungia bintiye utendi wa mawaidha katika pwani yetu ya kaskazini. Wawili hawa hawakujuana, na walimwengu wao walitengana kwa dini, lugha na desturi. Hata hivyo, kazi zao ni za ukoo mmoja: mtu aliyeishi anamwambia anayeanza kuishi jinsi ya kuenenda ili afaulu. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona anamweka bintiye katikati ya watu, yaani Mola wake, mumewe, jamaa na majirani, ilhali Smiles anamweka msomaji peke yake mbele ya bidii yake. Tofauti hii tuiweke akibani, kwa maana tutairejelea.

Kutoka kwa Smiles, utanzu huu ulivuka bahari na kustawi Marekani. Dale Carnegie alitoa How to Win Friends and Influence People mwaka 1936, na Napoleon Hill akafuata na Think and Grow Rich mwaka 1937. Stephen Covey alichapisha kitabu chake cha tabia saba za watu wafanisi mwaka 1989. Robert Kiyosaki alitoa kisa cha baba tajiri na baba maskini mwaka 1997, Spencer Johnson ngano yake ya panya na jibini mwaka 1998, na Jim Collins utafiti wake juu ya makampuni yaliyopanda kutoka uzuri hadi ubora mwaka 2001. Tazama tarehe za wawili wa kwanza. Carnegie na Hill waliandika wakati nchi yao ilipokuwa katika Mdororo Mkuu wa uchumi, viwanda vikiwa vimefungwa na watu wakipanga foleni ya kutafuta kazi. Kitabu cha mafanikio hustawi pale ajira inaponyauka. Basi si ajabu hata kidogo kwamba mwanafunzi wa Kenya, ajuaye fika kwamba shahada haimhakikishii mshahara, humkimbilia mwandishi anayemwahidi kwamba hatima yake imo mikononi mwake mwenyewe.

Wanaombeza mgeni huyu kwa sababu ya ugeni wake ningewaomba warudi kwenye rafu zao na kukisoma tena Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Humo, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya Mfalme, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa katika nchi nyingine ili wajifunze na kuileta nyumbani elimu ya kuifaa nchi yao. Walirudi na mapendekezo, wakalipwa kifungo. Tumekifunza kitabu hiki kama hadithi ya udhalimu wa watawala, na ndivyo kilivyo. Lakini pia ni hadithi ya jamii inayomwadhibu kila aliyetoka nje na kurudi na jambo jipya. Mwanafasihi anayesema kwamba hakuna la maana linaloweza kutoka katika kitabu cha biashara amekalia kiti cha Majivuno bila kujua.

Isitoshe, dharau yetu kwa biashara ina historia ndani ya lugha. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, akaichapisha mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilitujia kutoka Uhindini likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakuna sikio lililolisikia hivyo. Bepari alikuwa tayari amekuwa mnyonyaji. Nasi tuliosomea Kenya, ambako siasa zilikuwa nyingine, tuliirithi fasihi ile pamoja na sikio lake. Tukasahau kwamba Kiswahili chenyewe kililelewa bandarini. Mtaji, faida, hasara, ubia, rehani, dhamana, hawala, shehena na nauli si maneno yaliyobuniwa na kamati ya istilahi mwaka juzi. Ni maneno ya watu waliopima, waliokopeshana, waliosafiri na waliohesabu kabla ya chuo chochote cha usimamizi kujengwa katika nchi hii.

Je, vitabu hivi vinajua nini ambacho sisi hatukijui? Vinaijua kazi, yaani mwenendo wa kila siku wa kulitoa jambo katika wazo na kulifikisha mwisho kwa msaada wa watu wengine. Peter Drucker, katika The Effective Executive cha mwaka 1967, haanzi na ndoto wala na vipaji. Anaanza na saa. Anamtaka msomaji aandike mahali muda wake unapokwenda kabla ya kupanga lolote, kwa sababu kumbukumbu ya mtu juu ya muda wake humdanganya. Covey anatenganisha jambo la dharura na jambo la maana, akituonya kwamba la dharura hupiga kelele na la maana hukaa kimya. Mwanafunzi yeyote wa uzamili aliyeiacha tasnifu yake miezi mitatu akishughulikia mambo ya dharura ataelewa mara moja. Carnegie naye anamfunza msomaji kusikiliza, kulikumbuka jina la mtu na kuacha kumlaumu mwenzake mbele ya watu. Mambo haya si makubwa kifalsafa. Lakini kazi ya kesho haijengwi kwa falsafa pekee.

Nitatoa mfano kutoka taaluma yetu. Mwenzangu mmoja aliwahi kupewa kijitabu cha kurasa 40 akitafsiri kwa Kiswahili. Aliifanya kazi ile kwa ustadi ambao ungemridhisha mhadhiri yeyote wa nadharia za tafsiri. Alizingatia ulinganifu, alichuja istilahi na aliepuka tafsiri sisisi. Hata hivyo, hakuuliza malipo yangekuwa kiasi gani kwa ukurasa, hakuuliza yangetolewa lini, hakuuliza ni nani angeipitisha kazi yake wala ni mara ngapi angetakiwa kuirekebisha. Hapakuwa na mkataba wala ankara. Kazi ilirudishwa mara nne, na mwishowe alipokea fedha zisizotosha nauli ya mwezi. Hakuna somo katika shahada yetu lililomwandaa kwa mazungumzo ya dakika kumi ambayo yangemwokoa. Kitabu chochote cha wastani juu ya biashara kingemwandaa.

Au tuangalie vyama vyetu vya wanafunzi. Nimehudhuria mikutano iliyoanza saa nzima baada ya wakati, ambamo hotuba zilikuwa tamu, mashairi yalighaniwa kwa sauti za kutetemesha, na mwishoni hapakuwa na aliyejua ni nani angeandika barua ya kuomba ukumbi. Uongozi mpya hurithi muhuri na madeni, haurithi faili. Kila kamati huanza upya kana kwamba Kiswahili kimeingia chuoni jana. Cha ajabu ni kwamba wanaoiongoza mikutano hiyo ni mahodari wa kuchambua uongozi. Mpe yeyote kati yao Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotoka mwaka 2009, naye atakueleza bila kusita jinsi Meya wa Cheneo anavyowakirimu wageni ilhali wafanyakazi wake hawana mishahara ya kutosha. Mpe Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, cha mwaka 2012, naye atakuchorea Mtemi Nasaba Bora kuanzia unyakuzi wake hadi kuanguka kwake. Tunamjua dikteta kwa ndani na nje. Ajenda ya mkutano wa watu kumi hatuijui.

Sisemi haya kwa kuilaumu fasihi. Fasihi yetu imefunza uongozi kwa njia ya kinyume, kwa kutuonyesha kiongozi asivyopaswa kuwa, na imefanya hivyo kwa sababu nzuri. Waandishi wetu waliishi chini ya serikali ambazo zilihitaji kukemewa kuliko kushauriwa. Lakini kinyume cha ubaya si lazima kiwe wema. Mtu aliyekwisha kujua kwamba Nasaba Bora ni mbaya bado hajajua jinsi ya kugawa kazi, jinsi ya kumkosoa mwenzake bila kumvunja moyo, au jinsi ya kuwasilisha hesabu za fedha mbele ya wanachama. Kumtambua mwizi wa mali ya umma si sawa na kujua kuitunza mali hiyo.

Sasa nigeukie kundi la pili, la wanaomwabudu mgeni. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapokuwa na kitu ambacho mwenzake wa shule ya biashara huenda akakikosa, yaani jicho la uhakiki. Tukichukue kitabu cha Spencer Johnson. Huyu ni mwandishi aliyetumia utanzu tunaoujua tangu utotoni, yaani ngano. Panya wawili na vijitu viwili wanaishi katika njia za kupotezana, wakila jibini. Siku moja jibini haipo. Panya wanaondoka mara moja kutafuta nyingine. Vijitu vinalalamika, kisha kimoja kinapata akili na kuondoka. Funzo ni kwamba mabadiliko huja, na mwenye hekima hubadilika nayo. Lakini zingatia anwani ya kitabu: Who Moved My Cheese?, yaani, ni nani aliyeiondoa jibini yangu? Anwani inauliza swali ambalo ngano nzima hailijibu, na zaidi ya hapo, inamfanya anayeliuliza aonekane mjinga. Kitabu hiki kilinunuliwa na waajiri na kugawiwa wafanyakazi katika nyakati za kupunguzwa kazini. Mhakiki haoni taabu kuelewa ni kwa nini kilipendwa na waliokigawa.

Linganisha ngano hiyo na Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui iliyotoka mwaka 1981. Lanina na wenzake katika shamba la Delamon hawaambiwi watafute jibini kwingine. Wanauliza ni nani anayeichukua, na kwa haki gani. Hili ndilo ninalolimaanisha ninaposema kwamba fasihi yetu inayajua madaraka. Inajua kwamba mshahara hauamuliwi na tabia njema ya mfanyakazi peke yake, kwamba kuna mtu aliyekaa mahali fulani akiushika upande mwingine wa kamba. Vitabu vya biashara, vingi vyavyo, humfuta mtu huyo katika picha. Humo kuna mimi, bidii yangu na malengo yangu, kama alivyoanza Smiles. Anayeshindwa, basi ameshindwa mwenyewe.

Kuna kasoro ya pili, nayo ni ya ushahidi. Jim Collins na watafiti wake walianza na makampuni 1,435, wakayachuja hadi wakabaki na 11 yaliyotimiza vigezo vyao, kisha wakatafuta siri iliyoyainua. Kati ya hayo 11 ilikuwamo Circuit City, kampuni ya maduka ya vifaa vya umeme, na Fannie Mae, shirika la mikopo ya nyumba. Mwaka 2008 Circuit City ilitangaza kufilisika, na mwaka uliofuata ikafunga maduka yake. Mwaka huohuo wa 2008 Fannie Mae iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali ya Marekani. Hili halimaanishi kwamba kila alichosema Collins ni uongo. Maelezo yake juu ya kiongozi mnyenyekevu mwenye azimio lisilotetereka yanastahili kusomwa. Linachomaanisha ni kwamba anayewachunguza washindi pekee atapata sifa za washindi, lakini hatajua ni wangapi walikuwa na sifa hizohizo na wakaanguka. Kiyosaki naye alikwisha kuuza mamilioni ya nakala za mafunzo ya utajiri wakati mojawapo ya kampuni zake ilipoomba kinga ya mufilisi mwaka 2012. Sisi tuliofunzwa kumtenganisha mwandishi na msimulizi, na kuuliza iwapo msimulizi ni wa kuaminika, hatuna udhuru wa kuvisoma vitabu hivi kama watoto.

Naam, ikiwa kila upande una upungufu, dawa ni kuzisoma rafu mbili pamoja. Chukua Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert ya mwaka 1952. Aghalabu tunaifunza kama hadithi ya wema na husuda, tukasahau kwamba ni hadithi ya biashara. Ndugu watatu wanarithi mali ya baba yao, Faraja. Hasidi na Mwivu wanakwenda ng'ambo kufanya biashara, wanapoteza kila kitu baharini, na Adili anawagawia tena mali yake. Baadaye wanasafiri pamoja, na katika safari hiyo nduguze wanamtosa baharini. Msomaji wa vitabu vya biashara atauliza maswali ambayo sisi hatuyaulizi darasani: ndugu hawa waliandikiana nini? Nani alishika daftari? Hasara ya kwanza ilichunguzwa ili ijulikane ilitokana na dhoruba au na uamuzi mbaya? Maswali haya yanaifungua hadithi upya. Yanatuonyesha kwamba wema wa Adili haukuwa na chombo cha kuulinda, na kwamba ukarimu usio na hesabu unaweza kuilisha husuda badala ya kuiponya. Kwa upande wake, hadithi inavirudishia vitabu vya biashara swali ambalo vinalikwepa: mtu anapofanikiwa, waliobaki nyuma wanaona nini, na kufanikiwa kwake kunawadai nini wote wawili? Haya ni mazungumzo ya watu wazima wawili, si ya mwalimu na mwanafunzi.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza, kuna dharura gani? Dharura ipo, kwa kuwa milango ya Kiswahili imefunguka kuliko awali na wenye kuiingia wanahitajika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. SADC ilikipokea miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2019. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa azimio la mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Maazimio haya yote yanazaa ofisi, miradi, bajeti, zabuni na mikataba. Swali si iwapo kazi ya Kiswahili itakuwapo. Swali ni nani ataiongoza. Ikiwa sisi tutajua lugha pekee, na wengine watajua kuandaa makadirio ya gharama, kuajiri, kuhariri kwa ratiba na kutetea bajeti, basi wao watakuwa wakurugenzi nasi tutaitwa mwishoni kusahihisha viambishi. Tutalalamika, lakini Waswahili hawakukosea waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Kwa kuwa tunajifunza uongozi kwa Kiingereza, tunaongoza kwa Kiingereza. Tazama mkutano wowote wa wapenzi wa Kiswahili: salamu ni Kiswahili sanifu, shairi ni Kiswahili fasaha, na pindi tunapofika kwenye bajeti tunahamia lugha nyingine kana kwamba shilingi hazihesabiki kwa yetu. Si kwa kukosa istilahi. Akidi, kumbukumbu, mrabaha, ankara, zabuni na makadirio yapo. Tunachokosa ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kusoma na kuandika. Marehemu Henry Chakava, aliyeiongoza Heinemann hapa Kenya na kuigeuza kuwa East African Educational Publishers mikononi mwa wenyeji mwaka 1992, alituachia mwaka 1996 kitabu juu ya uchapishaji barani Afrika, chenye maarifa ya mtu aliyeishi ndani ya kazi hiyo. Ni hazina. Lakini yeye ambaye alichapisha kazi nyingi za Kiswahili na za lugha nyingine za Kiafrika aliyaandika maarifa yake kwa Kiingereza. Je, wahariri wetu, watangazaji wetu na wakalimani wetu wanaozeeka sasa watayaandika yao kwa lugha gani, au wataondoka nayo?

Hapa nina mapendekezo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila muhula semina moja katika idara zetu ikisome kitabu kimoja cha biashara kama matini, kwa zana zilezile tunazozitumia kusoma riwaya: nani anazungumza, anamzungumzia nani, ametumia ushahidi gani, na amenyamazia nini. La pili, vyama vyetu viwe shule ya uongozi kwa vitendo, kwa Kiswahili. Pawe na ajenda iliyosambazwa mapema, akidi iliyohesabiwa, kumbukumbu zilizotiwa sahihi na faili ambalo kamati inayotoka inaikabidhi kamati inayoingia mbele ya wanachama. La tatu, wanafunzi wa uzamili tuwafuate wakongwe wa taaluma hii, wahariri, watafsiri, watangazaji na wauzaji wa vitabu, tuwahoji na kuchapisha katika jarida hili maarifa yao ya kazi. Waeleze namna walivyopatana bei, walivyokosana na wateja, walivyosoma mkataba na walivyofundisha wasaidizi. Makala kama hizo kumi zingekuwa mwanzo wa kitabu ambacho katika miaka yangu yote ya masomo sikukikuta katika orodha yoyote ya usomaji.

Tukinunua vitabu hivyo, tununue pia kwa uadilifu. Nyingi za nakala zinazouzwa kwa bei ya kutupa kando ya barabara ni bandia. Ni kichekesho kujifunza uaminifu kutoka kwa nakala iliyoibwa, na ni msiba zaidi kwa sisi tunaotarajia kuishi kwa kuandika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi wa Marekani na yule wa Kakamega kwa pamoja. Tunaposhangilia kuumbuliwa kwa Mwalimu Majisifu, ambaye katika Kidagaa Kimemwozea aliuiba mswada wa Amani akautia jina lake, tukumbuke kwamba wizi wa jasho la mwandishi una sura nyingi, na mojawapo imo mikobani mwetu.

Najua kuna watakaosema kwamba ninaigeuza fasihi kuwa bidhaa, na kwamba Shaaban Robert hakuandika ili tujifunze kutunza faili. Hoja hii ina uzito wake. Lakini yeye mwenyewe aliishi kwa kazi ya ofisini kama mtumishi wa serikali kwa miaka mingi huku akiandika, na katika Utubora Mkulima alimchora mtu anayeipima kazi kwa kipimo kilicho juu ya mshahara. Hakuiona kazi kuwa adui wa sanaa. Aliiona kuwa jambo la kufikiriwa. Siombi fasihi iwe mwongozo wa ofisi. Ninaomba mwenye fasihi aijue ofisi, ili asiwe mgeni humo wala asiwe mtumwa wake.

Kwa kutamatisha, tumkaribishe mgeni sebuleni, tumpe kiti, tumsikilize na tumhoji. Akitupa saa, daftari na mkataba, tupokee kwa mikono miwili. Akituambia tusiulize ni nani aliyeiondoa jibini, tumjibu kwa adabu kwamba katika nyumba hii swali hilo huulizwa. Kisha, atakapokwenda zake, tukae chini tuandike yetu. Kamati mpya ya chama chetu inaingia muhula ujao. Nitafurahi iwapo itakabidhiwa faili.